MJADALA: Mkopo ambao Bunge halikuuona, wananchi waulipe?

Wakuu, salaam.

Tukizungumzia Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, wimbo ni ule ule: fedha hazitoshi. Ni kweli hazitoshi. Malengo 17 yalipitishwa Septemba 2015 na kupewa muda hadi 2030, na kwenye mkutano wa kugharimia maendeleo uliofanyika Sevilla, Hispania, 2025 pengo la fedha lilitajwa kuwa kama dola trilioni 4 kwa mwaka. Wafadhili nao wanarudi nyuma. Uingereza ilishusha misaada kutoka asilimia 0.7 ya pato lake la taifa hadi 0.5 mwaka 2021, na imetangaza kwamba itafika 0.3 mwaka 2027. Marekani imeifunga USAID, shirika lake la misaada. Pengo linazibwa kwa mikopo, na ndiyo maana naomba leo tuiangalie mikopo yenyewe, hasa ile inayosainiwa kwa siri.

Chukueni Msumbiji. Mwaka 2013 na 2014 kampuni tatu za serikali zilikopa zaidi ya dola bilioni 2 kutoka benki ya Credit Suisse ya Uswisi na benki ya VTB ya Urusi, eti kwa ajili ya meli za kuvua jodari na ulinzi wa pwani. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Manuel Chang, alisaini dhamana za serikali, yaani ahadi kwamba serikali italipa kampuni zikishindwa, bila idhini ya Bunge. Sehemu kubwa ya mikopo hiyo ilifichwa hata kwa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Ilipofichuka Aprili 2016, IMF na wafadhili walisitisha fedha walizokuwa wakiingiza moja kwa moja kwenye bajeti, sarafu ya nchi, metikali, ikaporomoka, na Januari 2017 nchi ikashindwa kulipa.

Kilichoniuma zaidi ni kilichofuata. Juni 2019 Baraza la Katiba la Msumbiji liliamua kwamba dhamana ya mkopo wa kampuni ya jodari ni batili. Miezi michache baadaye serikali ikaibadilisha hatifungani (hati ya deni inayouzwa kwa wawekezaji) iliyotokana na mkopo huo kwa mpya ya dola milioni 900, itakayoiva 2031. Yaani chombo cha juu kabisa cha kulinda katiba kimesema dhamana ni batili, na bado mlipakodi analilipa deni hilo! Mama anayejifungua kwenye zahanati isiyo na dawa hakuiona meli hata moja.

Msimamo wangu: mkopo wowote wa serikali au wenye dhamana ya serikali ambao haukupita bungeni na kutangazwa hadharani usidaiwe mahakamani. Na kwa kuwa mikataba mingi ya hatifungani za nchi zinazoendelea inafuata sheria za Uingereza au za New York, sheria hizo ndizo za kubadilishwa kwanza.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, nakuelewa, ila unataka dawa ya ugonjwa mmoja itibu yote. Hatifungani za Ghana zilikuwa wazi, kila mtu anazijua, na Desemba 2022 Ghana ikasitisha kulipa. Uwazi haukuiokoa. Halafu bunge lipi? Kwenye nchi nyingi chama tawala kina theluthi mbili ya wabunge, mkopo wa mabilioni unapita mchana mmoja. Ukishawatisha wakopeshaji kwamba hawatalipwa, watapandisha riba, na atakayeumia ni mwananchi huyo huyo unayemtetea.

Mchangiaji wa pili: Mimi naongeza kwamba tusiwabebeshe viongozi wetu peke yao. Ripoti ya 2025 ya UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, inasema watu bilioni 3.4 wanaishi kwenye nchi zinazotumia zaidi kulipa riba kuliko kwenye afya au kwenye elimu. Si wote hao walikopewa kwa siri. Ahadi ya nchi tajiri kutoa asilimia 0.7 ya pato lao kama misaada iko Umoja wa Mataifa tangu 1970, na nchi zilizoitimiza zinahesabika kwa vidole. Utawala bora tunahimizwa sisi. Wao nani anawahimiza?

Mwanzisha mada: Nianze na ndugu wa pili: sipingani nawe. Ndiyo maana nimetaja sheria za London na New York. Wajibu ninaotaka ni wa mkopeshaji pia. Benki inayotoa mamilioni ina mawakili. Kuuliza kama Bunge limeidhinisha ni kazi ya barua moja.

Mkuu wa kwanza, hoja ya Ghana ni nzito na naipokea. Deni la wazi linaweza kuwa kubwa kupita kiasi. Lakini tazama Zambia, iliyoacha kulipa Novemba 2020. Wenye hatifungani walikataa kuipa muda wa kupumua, sababu mojawapo ikiwa kwamba hawakujua inadaiwa kiasi gani na wakopeshaji wa China, kwa vile mikataba ile ilikuwa na vifungu vya usiri. Makubaliano na serikali zinazoidai yalikuja Juni 2023. Miaka yote hiyo usiri ulikuwa unaongeza gharama, kwa hiyo riba unayoiogopa tunailipa tayari, ila kwa mlango wa nyuma.

Kuhusu wabunge wanaopitisha kila kitu: sawa, wapo. Lakini mkopo ukifika mezani unaacha karatasi. Mwandishi ataisoma, Mkaguzi Mkuu ataifuatilia, mpinzani atauliza riba ni ngapi na dhamana ni nini. Chang alipatikana na hatia New York Agosti 2024, miaka zaidi ya kumi baada ya saini zake, wakati fedha zilishatumika. Ningetaka maswali yale aulizwe kwao, kabla ya wino kukauka.

Swali langu kwenu linabaki: kama mkopeshaji anajua Bunge halikuidhinisha na bado anatoa fedha, kwa nini hasara isiwe yake? Mwenye jibu la kisheria, hasa anayefahamu mikataba ya hatifungani, atufafanulie.