Tupeane uzoefu: kunyanyua Hiace na Noah bila kuharibu breki na stiringi

Chasisi_Ndefu (mwanzisha mada)

Wakuu, mvua zikianza swali ni lilelile: gari linapiga tumbo, nilinyanyue vipi? Humu tuweke vitu vinavyopimika tu: umefunga nini, gari limepanda kiasi gani, nini kiliharibika na kwa nini. Taja na aina ya gari. Noah ya zamani (SR40, injini chini ya viti, inasukuma kwa nyuma) na ile ya kuanzia 2001 (AZR60, inavuta kwa mbele) ni magari mawili tofauti kabisa huko chini.

Naanza na kupima. Sakafu iwe tambarare, upepo uwe sahihi, gari lisiwe na mzigo. Weka tepu katikati ya ringi, pandisha wima hadi ukingo wa bodi juu ya tairi, andika namba za pembe zote nne. Usipimie kutoka sakafuni, tairi zilizolika zitakudanganya. Ukikuta upande mmoja umelala sentimita 2 kuliko mwenzake, hapo hauhitaji kit (seti ya vifaa vya kunyanyulia). Springi imechoka au imekatika. Ukifunga spensa (kipande cha kuongeza urefu) juu ya springi mbovu umenyanyua ubovu.

Spana_17

Hiace mbele, modeli ya H100 na ya H200, haina springi ya kuzunguka. Ina tosheni baa, chuma kirefu kinachosokotwa. Ndiyo maana fundi anakwambia "nakupandisha bure" halafu anakaza bolti mbili tu.

Utaratibu: piga jeki kwenye chasisi, weka stendi, acha magurudumu ya mbele yaning'inie. Safisha nyuzi za bolti ya kurekebishia, mwagia oili, pima urefu wa nyuzi zilizo wazi kila upande na uandike. Kaza raundi mbili kushoto, mbili kulia. Shusha gari, lisukume mbele na nyuma mita chache, litikise, ndipo upime. Ukiruka hatua ya kulisukuma, tairi zitakuwa zimejibana kwa ndani na namba utakayosoma ni ya uongo.

Kikomo usikitafute kwenye bolti. Gari likiwa limesimama chini, chungulia nafasi kati ya aamu ya juu (mkono wa chuma unaoshika gurudumu) na ile raba inayoizuia isishuke zaidi. Nafasi ikibaki chini ya unene wa kidole, simama hapo. Kwa Hiace nyingi hiyo ni kama inchi moja, moja na nusu ukibahatika. Ukizidisha, kila shimo aamu inagonga raba, na dereva anasema springi imekuwa ngumu. Ugumu wa tosheni baa haujabadilika hata kidogo. Umekula nafasi ya gurudumu kushuka, basi.

Na ukizichomoa, ya kushoto irudi kushoto. Zinasokotwa kwa mwelekeo tofauti, ukizibadilisha zitakatika.

Ekseli_Moja

Nakazia hapo kwa Spana_17, ila upande wa nyuma ndiko watu wanakoliwa hela. Kabla ya kununua bloku (kipande cha chuma cha kuweka kati ya springi na ekseli), lala chini uangalie: ekseli (chuma kinachobeba magurudumu mawili ya nyuma) imekalia springi za bapa, au springi zimekalia ekseli?

Springi zikiwa juu ya ekseli, bloku katikati yao inapandisha gari. Ekseli ikiwa juu ya springi, bloku ileile inalishusha! Hapo njia ni kutengenezesha springi upya zipate upinde, kuongeza bapa moja, au kuweka sheko ndefu zaidi (vile vibao viwili vinavyoshika mwisho wa springi). Sheko iliyozidi inchi 2 inakupa karibu inchi 1 tu, kwa sababu inanyanyua ncha moja ya springi. Na kwa vile ncha hiyo ni ya nyuma, pua ya difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli) inainuka, pembe za propela shafti (chuma kinacholeta mzunguko wa injini nyuma) zinabadilika. Gari likianza kuvuma kwenye mwendo fulani, usikimbilie kubalansi tairi. Weka kabari ya chuma kati ya springi na ekseli kurudisha pembe.

Bloku ya mbao, hapana. Bloku mbili juu ya nyingine, hapana.

Spana_17

Mkuu umegusa mapaja ya gari ukaacha moyo. Breki!

Ingia chini, tazama juu ya ekseli ya nyuma. Ukiona fimbo nyembamba inatoka kwenye ekseli kwenda kwenye valvu iliyofungwa kwenye chasisi, hiyo ndiyo inayogawa breki kwa kufuata mzigo. Gari likilala kwa mzigo, fimbo inasukumwa na breki za nyuma zinapewa nguvu. Sasa wewe umenyanyua nyuma inchi 2: valvu inadhani gari ni tupu muda wote. Umejaza abiria, unateremka mlima, kazi yote zinafanya breki za mbele. Dalili ni pua kuinama sana ukikanyaga, padi za mbele kuisha haraka, ringi za mbele kuwa za moto huku za nyuma vuguvugu.

Dawa ni kibao cha kupandishia shina la fimbo pale kwenye ekseli kwa kiasi kilekile ulichopandisha. Kit nzuri inakuja nacho. Kit isiyo nacho, muulize muuzaji kwa nini.

Ukiwa hukohuko, acha ekseli ining'inie na utazame paipu ya mpira ya breki na waya wa hendibreki. Ikivutika kama kamba ya kuanikia nguo, ni fupi.

Dada_Gereji

Kwa wenye AZR60: mbele ni spensa juu ya shokapu, yenye bolti zake tatu ndefu. Usikubali washa zilizopangwa. Ukipita milimita 40, draiv shafti (vyuma vinavyozungusha magurudumu ya mbele) zinafanya kazi kwa pembe kali na raba zake zinachanika, grisi inatoka, mchanga unaingia. Zile raba za kuchomeka katikati ya springi nazo mziache. Mzunguko ulioshikwa haufanyi kazi, mingine inabeba mzigo wake, springi inakatikia palepale raba inapoanzia.

Gari lolote likipanda, alaimenti (kunyoosha pembe za magurudumu) siku hiyohiyo, na taa za mbele zishushwe.

Chasisi_Ndefu

Asante dada. Swali: hizi kit zinainua na difu?

Ekseli_Moja

Haziinui, kaka. Difu ya Hiace imelala kwenye ekseli na ekseli imekalia tairi. Ni tairi tu inayoipandisha. Kutoka 195/70R15 kwenda 195/80R15 kipenyo kinatoka kama milimita 654 hadi 693, kwa hiyo difu inapata karibu milimita 20, na spidi halisi inazidi ya kwenye dashibodi kwa asilimia 6 hivi. Geuza stiringi hadi mwisho pande zote, gari likiwa na mzigo, uone kama haigusi. Na ziwe tairi za kubeba mzigo, zile zenye herufi C au LT.

Yubolti (bolti za umbo la U zinazobana ekseli na springi) za nyuma nunua mpya, za zamani zimeshavutika. Zikaze tena baada ya kilomita 100, halafu tena kwenye 500. Weka alama ya rangi kwenye nati na bamba, ikihama utaiona kwa macho.

Dada_Gereji

Rangi nyeupe. Nyekundu ikishika vumbi huioni.