Trekta dogo linanyanyuka mbele, niongeze uzito wapi? Naombeni ushauri wakuu

Mwalo_Juu: Wakuu, heshima kwenu. Nina trekta dogo la Kijapani la mtumba, farasi 24. Injini haina shida, ila likishika mzigo mbele panapanda na usukani hausikii tena. Kila mtu ana lake: jaza maji tairi za nyuma, funga vyuma kwenye ringi, mwaga zege kwenye pipa ufunge mbele. Nipo Ilemela, kando ya ziwa. Lipi bora? Naomba jibu mapema, kazi zinanisubiri na usingizi sipati.

Jaruba_Magu: Maji, usihangaike. Kwetu hakuna baridi ya kuyagandisha, kwa hiyo hata chumvi wanayochanganya Ulaya huihitaji, na chumvi inakula ringi. Piga jeki, zungusha gurudumu mpaka valvu iwe juu kabisa, toa sindano, ingiza mpira wa maji. Kila baada ya muda chomoa, upepo utoke. Maji yakianza kurudi kwenye valvu, acha, hapo tairi ina kama robo tatu. Rudisha sindano, jaza upepo. Tairi ya 9.5-24 inakula lita 80 na kidogo, kwa mbili una kilo 160 bila kununua chuma. Langu halitelezi tena kwenye majaruba. Ila msimu wa mvua nyingi lilizama kwenye mbuga mpaka tumbo likalala kwenye tope, tukalitoa kwa ng'ombe wa jirani. Yule mzee hadi leo akiniona njiani anauliza trekta linakula majani gani.

Fundi_Spana: Jaruba, hilo ni jibu la shamba lako. Maji nyuma yanazuia tairi za nyuma kuteleza. Shida yake iko mbele, na tairi za nyuma zikishika zaidi, mbele panaweza kupanda upesi zaidi. Mkuu, unafunga nini nyuma? Kama una koleo la mbele la kuzolea mchanga, uzito unakaa nyuma. Kama mzigo uko nyuma, uzito unakaa mbele, na angalau asilimia 20 ya uzito wote ibaki kwenye ekseli ya mbele ndipo usukani ushike. Tupia picha.

Mama_Karanga: Mimi nimelima Misungwi kwa ng'ombe, na watoto wamesoma. Siku hizi kijana akipata hela kidogo anakimbilia mashine, hata mwenye kujua hajamuuliza. Ungeuliza kabla ya kununua, mwanangu.

Ngosha_Mtani: Laza sangara wa kilo 50 kwenye boneti. Kazi ikiisha, kitoweo hicho.

Mwalo_Juu: Asanteni. Sina koleo la mbele. Navuta mizigo ya kawaida tu. Simu yangu inasumbua kwenye picha.

Fundi_Spana: Mzigo gani? Na mnyororo unaufunga wapi? Bila hayo mawili sikupi jibu.

Kijana_Nansio: Hata mimi nangoja hapo. "Mizigo ya kawaida" haimnyimi mtu usingizi.

Mwalo_Juu: Haya. Natoa mitumbwi majini. Hapa mwaloni mtumbwi ukihitaji kalafati, yaani kuzibwa nyufa, lazima upande nchi kavu, na kukusanya watu wa kuvuta kunachukua asubuhi nzima. Mnyororo naufunga pale juu inapokaa toplinki, ule mkono wa juu wa kushikia jembe nyuma ya trekta, maana nikifunga chini omo, yaani pua ya mtumbwi, inajichimbia kwenye mchanga. Mbele wanakaa vijana wawili kwenye boneti. Msinirukie, ni wazoefu. Na fundi wa zege nimeshamlipa nusu, kesho anamwaga pipa la lita 200. Swali langu lilikuwa zege au maji, basi.

Fundi_Spana: Mkuu, sikiliza. Ukifunga juu ya ekseli ya nyuma, mtumbwi ukikwama na magurudumu yakashika, trekta linajizungusha lenyewe kwenye ekseli na kukulalia mgongoni. Haichukui hata sekunde mbili, mguu haujafika kwenye klachi. Ufukwe nao una mteremko, kwa hiyo unaanza kazi mbele pakiwa pameshainuka. Matrekta mengi ya mtumba ya aina hiyo hayana fremu ya kumkinga dereva. Na hao vijana, likipanda wanaangukia wapi? Kamba ifungwe chini, kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini ya ekseli. Uzito wowote utakaoweka haurekebishi mnyororo uliofungwa juu.

Sina_Haraka: Wakuu, hii chai. Trekta la farasi 24 litoe mtumbwi wa mbao uliolowa maji? Kwetu wanavuta watu ishirini na bado wanaimba. Jamaa hana trekta, anataka tugombane tu.

Ngosha_Mtani: Chai ya maziwa kabisa. Picha hana, jina la mwalo hana.

Kijana_Nansio: Msiharakishe. Ukiweka magogo ya mviringo chini ya mtumbwi, hata watu wachache wanausogeza. Kwetu Ukerewe babu alikuwa anachagua magogo yaliyonyooka, anayaficha nyuma ya nyumba yasigeuzwe kuni. Alimfukuza mpwa wake kwa gogo moja.

Mwalo_Juu: Nani akae atunge habari ya toplinki? Magogo tunatumia, manne, la nyuma likitoka kijana analikimbiza mbele. Likichelewa ndipo omo inakwama na trekta linapanda. Mtumbwi wa mita tisa hivi, wa dagaa, ukiwa umeshatolewa mashine na nyavu. Asiyeamini apite.

Sina_Haraka: Hapo kwenye gogo kuchelewa umeongea kama mtu aliyekuwepo. Endelea.

Fundi_Spana: Hata ingekuwa chai ningejibu, kuna mwingine anasoma hapa na mnyororo wake uko juu. Omo kujichimbia inatibiwa kwenye omo yenyewe: gogo la kwanza liingie chini yake kabla hujavuta. Tumia kamba ndefu, wewe uwe juu kwenye tambarare, gia ndogo kabisa, klachi iachiwe polepole, na mtu asisimame karibu na kamba. Pipa achana nalo. Lita 200 za zege ni kama kilo 480, utaua ekseli ya mbele na usukani wa trekta dogo hilo. Mwambie fundi amwage kwenye ndoo za rangi za lita 20, kila moja inatoka na kilo 48 hivi, na kila ndoo izamishwe ndoano ya nondo. Achomelee fremu mbele, uanze na mbili. Ukienda shambani unazishusha, udongo usishindiliwe bure.

Mwalo_Juu: Fundi wa zege anasema ndoo ni kazi nyingine, bei nyingine.

Mama_Karanga: Mlipe, mwanangu.

Mwalo_Juu: Sawa, mama. Mnyororo nitaushusha kesho kabla ya mtumbwi wa kwanza. Ila hawa wa boneti nawalipa kwa siku, nikiwaondoa watalalamika.

Kijana_Nansio: Wapeleke kwenye magogo. Umesema mwenyewe gogo linachelewa.