Ushauri wakuu: nirudie Final Fantasy VII ya zamani au ninunue mpya?

Kijana_wa_Nsambya
Habari za jioni wakuu. Nipo Kampala, huwa nasoma tu humu bila kuandika, ila leo nimekwama.

Mkononi nina PlayStation ya kwanza, ile ya kijivu, pamoja na Final Fantasy VII, CD zote tatu, na memori kadi. Utotoni gemu hii ndiyo ilikuwa dunia yangu. Sasa nina kazi, nina mke, na bado usiku naiwaza. Nataka niicheze tena, lakini kadi imejaa, nafasi zote 15, kwa hiyo nikianza safari mpya sina pa kusevu mpaka nifute kitu. Halafu kuna hizi mpya za PS4 na PS5. Nifute nianze upya, niendelee na sevu iliyopo, au niachane na mtambo wa zamani? Nitashukuru nikipata majibu leo, nina haraka kidogo.

Dereva_Malaba
Chukua mpya bila kujiuliza. Ile ya 2020 nilipoona mji wa Midgar ulivyojengwa, unatembea mtaani kabisa chini ya lile bamba la chuma, machozi yalinitoka. Ila ujue wameigawa sehemu tatu. Hiyo ya 2020 inaishia pale mnapotoka Midgar, na ya pili, Rebirth ya 2024, ilitoka kwa PS5. Kupigana nako si kule kwa kungoja mstari ujae ndipo uchague, ni kukimbia na kubonyeza. Kama unapenda utaratibu wa zamani, kuna ile ile ya 1997 iliyorudishwa kwenye PS4. Unabonyeza kijiti cha kushoto, mwendo unakuwa mara tatu. Mtu mwenye kazi na mke hiyo inamfaa.

MamaWawili_Jinja
Umenikumbusha mbali! Kwetu Jinja palikuwa na kibanda cha gemu karibu na stendi ya teksi. PlayStation ya pale ilikuwa imechoka lenzi, haisomi CD mpaka igeuzwe miguu juu. Mwenye kibanda aliilaza juu ya sinia la kuokea, na picha ikianza kukwama anaipiga kofi la ubavuni, inaendelea. Wavulana wote walikuwa wa mpira. Mimi nilikuwa nalipa hela yangu ya mandazi nikae kona nicheze FF VII, CD za kuchomwa zilizoandikwa kwa kalamu, na kamusi mapajani, maana Kiingereza chake kilinishinda. Siku Aeris alipouawa nilirudi nyumbani sikula. Mama akanipeleka kliniki kupimwa malaria.

Mzee_wa_Bombo
Saa nne usiku mtu mwenye mke anauliza habari za gemu. Mwanangu, sikutukani. Nakuuliza tu, nyumbani kuko salama? Mwanamume akianza kutafuta vitu vya utoto wake, mara nyingi kuna jambo linamsumbua.

Fundi_wa_Katwe
Ssebo, sevu ya FF VII inakula nafasi moja tu. Hizo nafasi nyingine zina nini?

Kijana_wa_Nsambya
Nyingi ni mpira, na moja mbili za magari. Mzee, nyumbani kuko salama, ahsante.

Fundi_wa_Katwe
Basi futa moja ya mpira, kesi imekwisha. Mtu aliyeshika kadi hii utotoni hilo analijua. Kwa nini unatuuliza? Na gemu ya 1997 ina haraka gani usiku huu?

Kijana_wa_Nsambya
Sitaki kugusa kitu chochote ndani ya hiyo kadi. Na haraka ni kwamba kuna mtu anaihitaji.

Dereva_Malaba
Mtu gani?

Kijana_wa_Nsambya
Mtu wa familia. Jamani, swali langu lilikuwa la gemu.

MamaWawili_Jinja
Kadi ni ya nani, mdogo wangu? Sema tu.

Kijana_wa_Nsambya
Sawa. Kadi ni ya kaka yangu mkubwa, na PlayStation pia. Baba alikuwa polisi, tumekulia kambini Nsambya, ndiyo maana Kiswahili hiki kimetukaa. Kaka aliinunua kwa hela ya kuosha magari ya maofisa. Umeme ulikuwa unakatika karibu kila jioni, na ndani ya mapango ya gemu hii huwezi kusevu mpaka ufike kwenye alama yake. Kwa hiyo giza likikaribia, kaka alikuwa anakimbia na timu nzima mpaka nje kwenye ramani ya dunia, ambako unasevu popote, huku dada amesimama mlangoni akitazama kama taa za nyumba za jirani bado zinawaka.

Baba alipofariki tulikosana kuhusu kibanja cha Mukono, yaani haki ya kukaa kwenye kipande cha ardhi ya mtu mwingine. Yeye anataka kiuzwe, mimi nataka kibaki. Hatuongei. Anaendesha malori ya Juba, vitu vyake vilibaki kwangu ndani ya boksi. Sasa amemtuma dada: anataka memori kadi tu, mwanawe ameanza kuicheza hiyo gemu. Nikamwambia dada boksi lilinyeshewa, hakuna kilichobaki.

Kabla hamjanihukumu: kaka alichukua makaratasi yote ya baba na hakuna aliyemuuliza. Mimi nimebaki na kadi. Nataka nimalize safari tuliyoianza wote, ndipo nione la kufanya. Naona nina haki hiyo.

Na siwezi kuanza upya nikaridhika, kwa sababu kaka aliwapa wahusika majina yetu. Cloud, mhusika mkuu, ni mimi. Barret, yule wa mkono wa bunduki, ni baba. Msichana wa Midgar ni dada. Sevu iko CD ya tatu, tumepanda Highwind, ile meli ya angani, timu ni sisi watatu, na chocobo wa dhahabu yupo. Yeye mwenyewe hakujiweka popote.

Dereva_Malaba
Chocobo wa dhahabu? Usiguse hiyo sevu! Unajua kazi ya kuwazalisha wale ndege mpaka umpate? Kwenda kisiwani kuchukua uchawi wa Knights of the Round bila yeye haiwezekani. Kadi ilindwe kwanza, ya familia baadaye.

Mzee_wa_Bombo
Nilisema kuna jambo. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Wako majirani pale Mukono wanaonoa majembe sasa hivi. Halafu msiogopeshane na hicho kibanja. Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka anayekiuza ampe mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kununua, na mali ya marehemu inataka msimamizi wa mirathi aliyeidhinishwa na mahakama. Kaka yako hakiuzi gizani peke yake. Mimi nilizungushana na shemeji zangu miaka kwa sababu hakuna aliyekwenda kuuliza mambo haya mapema.

Mchunguzi_Arua
Samahani wakuu, mimi siamini. Naona mnamwaga machozi kwa chai, hadithi ya kutunga. Anasema sevu iko CD ya tatu na dada yumo kwenye timu. Msichana wa Midgar ni Aeris, muuza maua, na Aeris anauawa mwisho wa CD ya kwanza, hata Mama wa Jinja amesema siku hiyo hakula. Harudi. Kwa hiyo hiyo timu ya watatu haiwezekani, labda aliibadilisha kwa mtambo wa kudanganyia. Huyu ameicheza kidogo, au amesoma habari zake mahali, akaongeza kaka, kibanja na lori la Juba ili apate majibu mengi.

Dereva_Malaba
Eh! Hilo sikuliona. Kijana, jibu hapo.

Fundi_wa_Katwe
Ajibu. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutafuta kadi ya ziada dukani.

Kijana_wa_Nsambya
Wapi nimeandika Aeris? Dada ni Tifa, yule msichana wa baa.

Nitaeleza, maana sikupenda kuitwa mwongo kwa jambo hili. Kaka alikuwa ameshaicheza CD ya kwanza nyumbani kwa rafiki yake kabla hajanunua yetu. Tulipoanza, mwanzoni kabisa baada ya bomu, muuza maua anatokea barabarani. Dada akamnyooshea kidole, akasema, "Huyo ndiye mimi." Gemu bado haijauliza jina lake hapo. Tukafika baa ya Tifa, skrini ya jina ikafunguka, na kaka akaandika jina la dada bila kusema neno. Dada alilia, akamwambia amemwonea. Baadaye kanisani, skrini ya muuza maua ilipokuja, akaomba abadilishiwe. Kaka akakataa, akambonyezea jina lake la Aeris likabaki hivyo hivyo. Tulimwona mkorofi mpaka siku tulipofika mwisho wa CD ya kwanza.

Mchunguzi_Arua
Mpangilio ndio huo. Muuza maua barabarani, kisha baa, kisha jina lake kanisani. Mtu aliyesoma tu habari zake asingeyaweka hivyo. Naondoa neno langu, kijana, na pole kwa msiba wa mzee.

MamaWawili_Jinja
Sasa nisikilize mimi. Kaka aliyekubali kuchukiwa na dada yake ili asimwone akifa hata kwenye gemu, huyo ndiye unayemwambia kadi imelowa?

Kijana_wa_Nsambya
Dada, kibanja ni kibanja. Hayo ya utoto hayarudishi makaratasi ya baba. Nikitoa kadi, nitakuwa nimetoa kila kitu.

MamaWawili_Jinja
Makaratasi muende mkayadai kwa wazee wa ukoo, mbele ya watu. Mtoto wa kaka hajui Mukono iko wapi.

Fundi_wa_Katwe
Hutoi kila kitu. Kadi ya PlayStation inanakilika. Unawasha mtambo bila CD ndani, unafunguka ukurasa wenye sehemu ya memori. Ya kaka tundu la kwanza, tupu tundu la pili, unachagua kunakili zote. Mkiachana, kila mmoja ana Highwind yake na chocobo wake. Kadi tupu ninayo, nimeijaribu sasa hivi, inashika. Njoo Jumamosi asubuhi na mtambo wako, na waya wa televisheni, ule wa njano, nyeupe na nyekundu, wangu umeliwa na panya.

Kijana_wa_Nsambya
Nitakuja. Ila umeme ukikatika katikati ya kunakili?

Fundi_wa_Katwe
Nina betri ya sola, lete kadi.

Kijana_wa_Nsambya
Na dada nimwambie nini?

MamaWawili_Jinja
Mwambie kadi ipo na ni nzima. Na umpe namba yako ya simu ampelekee yule mtoto, maana kule chini kwa Sephiroth, adui wa mwisho, atakwama tu, na baba yake yuko njiani Juba.