Naomba ushauri: mikono kuteleza kwenye vyuma vya kuning'inia baada ya tope

Habari zenu wanachama. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa mbio za vikwazo vya tope.

Najiandaa na Spartan Super hapa Uingereza, kilomita 10 na vikwazo 25. Kukimbia na kuruka kuta naviweza. Tatizo ni vile vyuma vya kuvuka kwa kuning'inia, hasa vikija muda mfupi baada ya kutambaa kwenye tope chini ya seng'enge. Viganja vinakuwa na utelezi, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, nashika vyuma vitatu vinne halafu naachia. Vikiwa vikavu navivuka vyote, kwa hiyo sidhani kama ni nguvu peke yake.

Nilichojaribu: kuning'inia sekunde 45 mara nne, siku tatu kwa wiki, pia kutundika taulo bichi na kulishika badala ya chuma, zoezi zuri sana kwa vidole. Glavu za mpira zilijaa maji, zikazidi kuteleza. Kujifuta kwenye fulana ni bure maana nayo ni tope tupu. Udongo mkavu wa pembeni ya njia husaidia kidogo, ukipatikana.

Maswali yangu ni mawili. Mnakausha viganja kwa kitu gani, na mnakibeba wapi kisilowe? Na chuma kikiwa na tope, ni bora kubembea mikono ikiwa imenyooka, au kukunja viwiko na kusogea polepole chuma kwa chuma?

Natanguliza shukrani.