Aliyetua na uzito uliozidi na aliyetupa mabomu baharini: nani alistahili pointi?

Mleta mada, Mbeya

Wadau wa simuleta, naleta hili hapa kwa sababu tangu Jumamosi linanisumbua.

Tulikuwa Soweto ya hapa Mbeya, chumba cha nyuma ya duka, vijana saba na kompyuta tatu, tunarusha F/A-18C, ndege ya kivita ya Marekani iitwayo Hornet, ndani ya DCS World, mchezo wa kompyuta wa kuigiza urubani. Kazi ilikuwa moja: ruka kutoka kwenye manowari ya ndege, piga shabaha, rudi utue kwenye kamba, zile zilizotandazwa juu ya manowari ili kulabu ya ndege inase na ndege isimame. Ilikuwa safari ya usiku, na mimi ndiye nilishika daftari la pointi. Wingu nililiweka zito juu ya shabaha kwa makusudi, kwa hiyo wawili walirudi na mabomu yao, kila mmoja mawili ya pauni 2,000.

Wa kwanza alipokaribia nikamwambia afungue ukurasa wa ukaguzi kwenye skrini ya ndege, ule wenye uzito chini kabisa. Nikaweka kidole pale: 36,300. Kikomo cha Hornet kutua kwenye manowari ni pauni 33,000, au 34,000 kwa masharti. Akatua hivyo hivyo, kulabu ikanasa kamba ya tatu, chumba kizima kikalipuka kwa shangwe. Simuleta haikulalamika. Pointi zote.

Wa pili alikuwa na uzito uleule. Akaachia mabomu baharini, akasoma 32,300, akatua vizuri. Kanuni yetu inasema kila bomu lililopotea bure ni pointi tano. Nikamkata kumi, na mpaka leo naona niliandika dhuluma. Mnasemaje?

Mchangiaji, Iringa

Kamwene. Kaka, hujadhulumu mtu. Yule wa kwanza alileta ndege na silaha nyumbani, ndiyo kazi aliyotumwa. Hata kwenye usafiri wa abiria, Boeing 737 haina mfumo wa kumwaga mafuta angani. Ikipata hitilafu muda mfupi baada ya kuruka, rubani anaweza kuamua kutua na uzito uliozidi, kisha mafundi wanaikagua. Hakuna anayemwita mzembe. Kutua na mzigo mzito kunahitaji mkono kuliko kutua mwepesi.

Fundi breki, Uyole

Mimi simuleta naiona kwa mwanangu tu, lakini uzito naujua. Lori likishuka Kitonga limezidisha mzigo, mara nyingi linafika. Dereva anaapa breki zilishika vizuri. Mimi nikifungua gurudumu nakuta dramu imegeuka bluu kwa moto na lainingi zinang'aa kama kioo. Safari hiyo alipona. Inayofuata ndiyo inayoua, na pengine anaendesha mwingine. Vijana, msimpe mtu zawadi kwa sababu tu amefika.

Mleta mada

Mzee wangu, shikamoo. Umesema nilichoshindwa kukisema.

Tufanye hesabu. 36,300 ni asilimia 10 juu ya 33,000. Hornet inakuja kwa pembe ileile hata ikiwa nzito, kinachobadilika ni spidi. Kama ungekuja kwa noti 140, yaani maili za baharini kwa saa, sasa unakuja kwa karibu 147. Uzito umeongezeka, spidi nayo, na nguvu ambayo kamba inapaswa kuimeza inapanda kwa asilimia 21. Kwenye manowari halisi mitambo ya kamba hurekebishwa kufuata uzito wa ndege inayokuja. Ukidanganya uzito, umewadanganya watu walio chini.

Kaka wa Iringa, mfano wako wa 737 ni wa kweli, ila una fundi ndani yake. Sisi hatuna fundi. Ndege inatua imezidi, mtu anabonyeza kitufe, anapata mpya. Napendekeza aliyetua juu ya kikomo akae mzunguko mmoja bila kuruka, ndiyo ukaguzi wetu.

Na wa pili naye, kwa haki yote, hakulazimika kutupa mabomu. Alikuwa na mafuta pauni 7,000. Angemwaga 3,300 angebaki na 3,700, na mabomu yote mawili. Swichi ya kumwagia mafuta kwenye Hornet hujizima yenyewe mafuta yakifika alama uliyoiweka.

Aliyetupa mabomu

Ni mimi. Broo, ulikuwa umekaa na daftari, mimi nilikuwa gizani. Sijawahi kunasa kamba jaribio la kwanza usiku. Nikikosa mara mbili, tatu, hizo 3,700 zinayeyuka, na hukutuwekea ndege ya kujazia angani. Bomu ni chuma. Mafuta ndiyo muda wangu wa kujaribu tena. Hata Marekani wenyewe, uchache wa mzigo ambao Hornet inaweza kurudi nao ni mojawapo ya sababu za kutengeneza Super Hornet, ndugu yake mkubwa aliyefuata. Walioruka kweli walikumbana na hili, wewe unaniandikia kumi?

Mleta mada

Kumi nimezifuta asubuhi hii, kwa kalamu nyekundu. Sikufikiria usiku.

Lakini angalieni tulivyoondoka. Shabaha ilikuwa karibu, na wote saba mlibeba tangi la nje limejaa. Ukitoka Mwanjelwa kwenda Uyole unajaza mafuta ya kufika Sumbawanga? Ule mzigo mliupakia wenyewe, kabla giza halijaingia. Jumamosi ijayo kila mtu aandike kwenye karatasi, kabla ya kuwasha injini, atarudi na uzito gani ikiwa bomu halikutoka.

Mchangiaji, Iringa

Karatasi naikubali. Kukaa mzunguko mzima, hapana. Nasafiri saa nyingi kuja huko, halafu nikae kwenye benchi kwa pauni mia mbili?

Mleta mada

Kwa mia mbili utakuwa bado ndani ya 34,000, kaka. Hilo tulipigie kura. Zaidi ya hapo, kiti cha benchi nitakufutia vumbi mwenyewe.