Mwaka umegeuzwa kwenye kitabu cha ubatizo cha babu. Niandike upi?

Mjukuu wa Songea
Wakuu, heshima kwenu. Naandaa kitabu cha ukoo na ninanakili ukurasa wa babu kutoka kitabu cha ubatizo cha misheni moja huku Ruvuma. Mapadri walikuwa Wajerumani, waliandika Kilatini. Ukoo wetu ni Ngonyani, kitabu kinasema "Ngonjani". Mwaka wa kuzaliwa ulikuwa 1908, ila mtu kapitisha kalamu juu ya 8 ikawa 6. Ubatizo ni "3 7bris", nimeandika tarehe 3 Julai. Wazee wanashikilia kwamba babu alizaliwa mwaka walionyongwa manduna (wakuu wa Wangoni) baada ya Majimaji, na mimi nawaamini. Nikiandika 1906 basi, nitakuwa nimekosea?

Karani Mstaafu
Utakuwa umekosea, mkuu, hata kama wazee wako sahihi. Kunakili ni kuandika kilichopo kwenye karatasi. Hebu kuza picha: hiyo 6 ina wino gani?

Mjukuu wa Songea
Nimekuza. Maandishi yote ni ya kahawia iliyofifia. Hiyo 6 ni ya bluu, na imechimba karatasi hadi alama inaonekana upande wa pili.

Karani Mstaafu
Hiyo ni bolpeni. Bolpeni zimeanza kuuzwa miaka ya 1940, padri wa zama zile alichovya kalamu. Kwa hiyo aliyegeuza alikuja baadaye sana, na huenda alisikia simulizi hilihili la wazee wako. Ukilichukua kama ushahidi wa kitabu, unahesabu shahidi mmoja mara mbili.

Binti Matimila
Kaka, 7bris si Julai! Kwa Kilatini septem ni saba, hiyo ni Septemba. 8bris ni Oktoba, 9bris Novemba, Xbris Desemba. Niliwahi kukosea hivyo kwa shangazi yangu, ubatizo ukatangulia kuzaliwa. Na j ya Kijerumani husomwa y, padri aliandika jina lenu vizuri tu kwa lugha yake. Usilifute, weka lenu pembeni kwenye mabano ya mraba. Halafu tazama kabla ya mwaka, hakuna "c." (circa, yaani takriban)? Wengi hawakubatizwa wachanga, padri alikadiria umri.

Mjukuu wa Songea
Ipo! Nilidhani ni doa. Kumbe manduna walinyongwa Februari 1906, padri akakadiria 1908, wala hawagombani. Naandika hivi (natus ni alizaliwa, bapt. ni alibatizwa):

"Ngonjani [Ngonyani], natus c. 1908 [8 imegeuzwa 6 kwa bolpeni ya bluu, mkono mwingine], bapt. 3 7bris [Septemba]."

Simulizi la wazee nitaliwekea ukurasa wake, pamoja na jina la aliyenisimulia. Jumapili nakwenda kwa babu mdogo kumuuliza kama kuna mtu wa kwetu aliyewahi kukishika kile kitabu. Asanteni sana, ndugu zangu.