Naomba ushauri: Amaurornis au Zapornia?

Wakuu, naomba msaada wa wanaofahamu uainishaji wa ndege.

Naandaa orodha ya ndege wa Ziwa Manyara kwa wanafunzi wangu wa klabu ya mazingira. Nimekwama kwa yule mdogo mweusi tii (kwa Kiingereza Black Crake), mdomo wa njano, miguu myekundu, anayekimbia juu ya majani ya majini na wakati mwingine hudonoa kupe mgongoni mwa kiboko. Nampenda sana ndege huyu, nisingependa apate jina bovu.

Mtaalamu wa ndege Swainson alimwita Gallinula flavirostra mwaka 1837. Baadaye ndege huyu akapewa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ndilo neno la kwanza la jina) ya peke yake, Limnocorax. Vitabu vyangu vya zamani vinamweka Amaurornis, lakini orodha za sasa zinasema Zapornia, baada ya utafiti wa vinasaba kuonyesha ndugu zake wa karibu ni akina nani. Spishi ni ileile. Kilichohama ni jenasi tu.

Mimi naelekea kuandika Zapornia flavirostra (Swainson, 1837), mabano yakionyesha kwamba jenasi ya mwanzo ilikuwa nyingine. Shida ni kwamba vitabu vya maktaba yetu vyote vina Amaurornis, na mtoto akimtafuta humo kwa jina jipya hatampata.

Je, niweke majina yote mawili kwenye orodha, au la zamani libaki kwenye maelezo ya chini? Na kwa umri wa kidato cha pili, jina la Swainson na mwaka viwepo au vitawachanganya? Waliowahi kuandaa orodha za namna hii, mlifanyaje?